Sura ya Tano: Waliotangulia Kuanza

Tarehe 21 Februari 1996, Rais Lennart Meri wa Estonia alitangaza kwenye televisheni kwamba shule zote za nchi yake zitapewa kompyuta na kuunganishwa na intaneti. Estonia ilikuwa imejitoa katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1991 tu. Watu wake hawakufika milioni moja na nusu, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam wa wakati huohuo. Mishahara ilikuwa midogo, majengo mengi ya shule yamechakaa, na simu ya mezani ilikuwa kitu cha kuandikisha jina na kusubiri. Nchi yenye hali hiyo kwa kawaida huambiwa ingoje: itengeneze kwanza mapaa, ipandishe mishahara, halafu uwezo ukipatikana ndipo ifikirie kompyuta.

Estonia haikungoja. Mpango wake uliitwa Tiigrihüpe, yaani mruko wa chui milia, jina lililotokana na sifa za Singapore, Korea Kusini na majirani zao waliokuwa wameinuka kiuchumi kwa kasi. Waliousukuma zaidi walikuwa wawili: Jaak Aaviksoo, mwanafizikia aliyekuwa waziri wa elimu, na Toomas Hendrik Ilves, aliyekuwa balozi wa Estonia mjini Washington.

Historia ya Ilves inafaa kusimuliwa kidogo. Alizaliwa Uswidi mwaka 1953 katika familia ya wakimbizi wa Kiestonia, akakulia New Jersey nchini Marekani. Alipokuwa sekondari, mwalimu wake wa hisabati, aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari, alitaka kujaribu kama vijana wa umri ule wanaweza kufundishwa kuandika programu za kompyuta. Wakati huo hakukuwa na duka lililouza kompyuta ya kuweka nyumbani. Ilves hakuja kuwa mhandisi. Alisomea saikolojia, akafanya kazi ya uandishi wa habari redioni, akawa balozi, na mwaka 2006 akawa rais. Ila lile jaribio la darasani lilimwachia hakika moja, kwamba kompyuta si siri ya mabingwa na mtoto wa kawaida anaiweza. Miaka ishirini na tano baadaye hakika hiyo ikawa sera ya taifa. Mwalimu aliyethubutu kujaribu kitu kipya na vijana wachache huko New Jersey alizaa matunda katika nchi nyingine kabisa, na hakuna ripoti ya ukaguzi wa shule ambayo ingeweza kuyahesabu.

Kuna kisa kingine ambacho Mart Laar, waziri mkuu wa miaka ya mwanzo ya uhuru, amekisimulia mara nyingi. Ufini ilipokuwa ikibadilisha mitambo yake ya simu, ilitaka kuwapa majirani wake wa Estonia ile ya zamani bure. Waestonia walikataa. Waliona kwamba wakiipokea watafungwa na teknolojia ambayo mwenyewe anaitupa, na watatumia miaka kumi kujifunza kuihudumia. Afadhali wakae bila kitu kwa muda mfupi, kisha waanze na mitambo ya kidijitali. Ilikuwa sera ya simu, lakini fikra ile ndiyo iliyoingia shuleni.

Upinzani ulikuwepo, na haukutoka kwa watu wajinga. Ilves amesimulia jinsi gazeti la walimu lilivyoandika kwa muda mrefu dhidi ya mpango huo. Hoja za walimu zilieleweka. Mwalimu aliyefundisha fasihi kwa miaka thelathini alikuwa anaambiwa kwamba kuna mashine inakuja darasani kwake, mashine ambayo wanafunzi wake wataielewa kabla yake. Fedha zilikuwa haba, na kila krooni, sarafu yao ya wakati huo, iliyokwenda kwenye kompyuta ingeweza kwenda kwenye mshahara. Mimi nawaheshimu walimu wale. Mpango wowote wa teknolojia unaoingia shuleni bila hata mwalimu mmoja kuupinga, nadhani, ni mpango ambao hakuna mwalimu aliyeulizwa.

Kilichouokoa mpango wa Estonia ni masharti yake. La kwanza, serikali kuu haikugawa kompyuta kama zawadi. Halmashauri iliyotaka kompyuta kwa shule zake ilipaswa kuchangia sehemu ya gharama. Diwani aliyepiga kura kuondoa fedha kwenye barabara na kuzipeleka kwenye kompyuta hawezi kukubali zifungiwe kabatini. Atakwenda mwenyewe kuuliza zinatumikaje. La pili, mafunzo ya walimu yalianza mapema na hayakuwa semina ya siku moja yenye posho na chai. Maelfu ya walimu walipitia kozi ya msingi, na wengine wakaendelea hadi kutengeneza masomo yao wenyewe kwa Kiestonia, maana masomo ya kununua katika lugha inayozungumzwa na watu milioni moja hayakuwepo sokoni. Ulazima huo ulikuwa baraka. Mwalimu anayetengeneza somo lake analijua kuliko atakayeletewa likiwa tayari.

Kufikia mwaka 2001 shule za Estonia zilikuwa zimeunganishwa na intaneti. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa eKool, ambao naona una funzo kubwa kuliko kompyuta zenyewe. Kwa eKool, mwalimu huingiza mahudhurio, alama na kazi za nyumbani kwenye mtandao, na mzazi huziona jioni ileile. Si kitu cha kustaajabisha. Lakini fikiria kinachomtokea mwalimu. Daftari la mahudhurio linajazwa kila siku, kila kipindi. Yule mwalimu wa fasihi ambaye asingeigusa kompyuta kwa hiari yake anaigusa mara tano kwa siku kwa ajili ya kazi aliyokuwa akiifanya siku zote kwa kalamu. Baada ya mwaka haogopi tena. Baada ya miaka mitatu anawatumia wanafunzi maelezo ya kazi ya nyumbani. Baada ya kumi ana mbinu zake, na mwalimu kijana anayeajiriwa anamkuta akiwa na cha kumfundisha.

Hapo ndipo ninapoiona faida yenyewe ya shule kuwahi. Vifaa vya mwaka 1997 leo ni takataka. Hata waliovinunua walijua vitakuwa takataka. Kilichobaki ni walimu waliopata muda wa kujaribu na kukosea wakati kosa halikuwa na gharama kubwa, kabla mitihani ya taifa haijawa ya kompyuta, kabla mzazi hajadai, kabla hali ya hatari haijawalazimisha. Fedha zinaweza kununua vishikwambi laki moja ndani ya miezi sita. Miaka ishirini ya mazoea ya walimu haiuzwi popote.

Mwezi Machi 2020 mazoea hayo yalipimwa. Estonia ilifunga shule kuanzia tarehe 16, wiki ileile ambayo Kenya na Tanzania zilifunga zake. Shule nyingi za Estonia zilikuwa tayari na desturi ya kutenga siku ambapo wanafunzi husomea nyumbani kwa kompyuta, kwa mazoezi tu. Kwa hiyo mwalimu hakuamka Jumatatu akiuliza aanzie wapi. Alijua wanafunzi wake wataipata wapi kazi, wazazi walikuwa na nywila zao tangu zamani, na tatizo lililobaki lilikuwa watoto wasio na kompyuta nyumbani, ambao watu wa kujitolea walianza kuwakusanyia zilizotumika. Sisemi kwamba watoto wao hawakuumia. Waliumia, kama wote. Lakini shule zao hazikutumia mwezi mzima kutafuta namna ya kuwapata wanafunzi.

Wapo wanaopenda kumaliza hadithi ya Estonia kwa matokeo ya PISA, mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, ambapo mwaka 2018 nchi hiyo iliongoza Ulaya nzima. Mimi nasita. Estonia ilikuwa na utamaduni wa kusoma tangu kale, walimu wake huhitajika kuwa na shahada ya uzamili, na watoto wake hula chakula cha mchana shuleni bila malipo. Anayesema kompyuta ndizo zilizoleta alama hizo anawadhulumu wapishi na wakutubi. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba kompyuta hazikuwashusha, kinyume cha alivyohofia yule mwalimu wa fasihi.

Tena kuwahi peke yake hakutoshi. Peru nayo iliwahi. Kuanzia mwaka 2008 ilinunua mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child na kuzipeleka hadi vijiji vya milima ya Andes, nchi iliyonunua nyingi kuliko zote. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilifanya tathmini katika shule 319 za vijijini na kuchapisha matokeo mwaka 2012: watoto waliopewa kompyuta hawakuwa wamewazidi wenzao katika hisabati wala katika lugha. Shule nyingi hazikuwa na intaneti. Mwalimu alipata mafunzo machache, kisha akaachwa na darasa lenye mashine ambazo hakuna aliyemwonyesha zinahusianaje na somo la siku hiyo. Peru iliwahi kununua. Kufundisha walimu ilichelewa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Kenya inayo majibu ambayo wataalamu wa nje wanayanukuu kuliko sisi wenyewe.

Katika kampeni za mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014 baada ya mvutano mrefu, na mpango ulipoanza tena mwaka 2016 vipakatalishi vilikuwa vimegeuka tableti. Zaidi ya milioni moja ziligawiwa, pamoja na projekta na seva ndogo kwa kila shule. Waandishi wengi wameyaandika mapungufu yake, na ni ya kweli: tableti zilizofungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, walimu waliozima mashine kwa sababu mtihani wa mwisho hauziulizi, betri zilizokufa.

Lakini kuna faida moja ambayo haitajwi inavyostahili. Tableti inahitaji umeme, na mwaka 2013 zaidi ya nusu ya shule za msingi za umma nchini Kenya hazikuwa nao. Ahadi ile ya kisiasa ililazimisha nyaya na nguzo zisogee. Katika muda wa miaka michache, karibu shule zote zaidi ya 20,000 zilipata umeme, za mbali zikiwekewa paneli za sola. Na transfoma ikishafika shuleni haihudumii shule peke yake. Mradi wa kusambaza umeme ulioanza mwaka 2015 ulilenga kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma zilizokwishasimama, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimesimamishwa kwa ajili ya shule, zahanati na masoko. Mtoto anayesoma usiku kwa taa ya umeme karibu na shule yake huenda hajawahi kuishika ile tableti, na bado ameifaidi. Shule ikiwa ya kwanza kudai kitu kipya, kijiji kizima hupata sababu ya kufikiwa.

Funzo la pili la Kenya lilitoka Kisumu, nami naliona kuwa moja ya majaribio bora ya elimu yaliyofanyika Afrika Mashariki. Miaka ya 2013 na 2014, wizara na watafiti wa mradi wa PRIMR walijiuliza swali rahisi: ukiwa na kifaa, umpe nani? Baadhi ya shule, wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. Nyingine, walimu wakapewa tableti. Nyingine tena, hakuna mwalimu wala mtoto aliyepewa chochote cha kielektroniki. Tableti alipewa afisa anayezunguka shuleni kuwashauri walimu. Makundi yote matatu yalikuwa na vitabu na mafunzo yaleyale ya kufundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza.

Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko watoto wa shule ambazo hazikuwa katika mradi. Baina ya makundi yenyewe tofauti haikuwa ya maana. Kilichotofautiana sana ni gharama: tableti moja ya afisa ilihudumia shule nyingi, ilhali visomeo vilihitajika kwa kila mtoto. Kwa kila shilingi iliyotumika, kumpa afisa kulizaa zaidi.

Serikali ya Kenya ililisikiliza jibu hilo, jambo ambalo si la kawaida kwa serikali yoyote. Mpango wa Tusome ulipoanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma nchi nzima, kila mtoto alipata kitabu cha karatasi, mwalimu akapata mwongozo wa karatasi, na tableti zikaenda kwa maafisa wa mtaala, zaidi ya elfu moja. Afisa anaingia darasani, anakaa nyuma, anafuata somo kwenye tableti yake akiweka alama: mwalimu amewasomea watoto, watoto wamesoma wenyewe, makosa yamesahihishwa au la. Mwisho wa kipindi anawaita watoto wachache wasome mbele yake kwa dakika moja, na tableti inahesabu maneno. Kisha anakaa na mwalimu. Tableti ilirekodi pia mahali alipokuwa, na nauli yake ilirejeshwa kwa kuangalia ziara zilizothibitishwa hivyo. Kabla ya hapo afisa angeweza kumaliza muhula mzima bila kufika shule ya mwisho wa barabara mbovu. Sasa anayeketi ofisi ya kaunti alikuwa anaona shule ipi imetembelewa na ipi imesahauliwa.

Tathmini ya katikati ya mpango ilionyesha kwamba sehemu ya watoto wa darasa la pili waliofikia kiwango cha kusoma kilichowekwa na serikali ilikuwa imeongezeka karibu mara mbili. Mtoto mwenyewe hakugusa kioo. Aliguswa na mwalimu aliyekuwa ametembelewa.

Nimesema walimu ndio hazina ya shule inayowahi. Basi hazina hiyo inaweza kupotea, na Kenya imeionja hasara hiyo pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya na wenzao kutoka Marekani walianzisha masomo ya Kiingereza kwa redio kwa madarasa matatu ya kwanza. Hayakuwa matangazo ya kusikiliza kimya. Sauti redioni iliuliza swali, ikanyamaza sekunde chache, na darasa zima likajibu kwa pamoja; iliwaambia watoto wasimame, washike dawati, waimbe. Kwa shule isiyo na vitabu, redio moja yenye betri iligeuza kipindi kizima kuwa mazungumzo. Watoto walionyesha maendeleo mazuri katika majaribio. Lakini mradi ulipomalizika katikati ya muongo ule, mfumo haukupanuliwa nchi nzima. Waliokwenda nao mbele walikuwa wengine: Lesotho iliyachukua masomo ya Kenya ikayarekebisha kwa shule zake. Zanzibar ilikuja kuutumia mtindo huohuo kuanzia mwaka 2006, safari hii kwa Kiswahili, katika vipindi vya Tucheze Tujifunze vilivyowafikia watoto wadogo ambao hawakuwa na shule ya awali karibu nao.

Shule zilipofungwa mwaka 2020, Kenya iligeukia tena redio, kwa kuwa intaneti ilikuwa mbali na watoto wengi. Ilifanya vyema kuigeukia. Lakini nawafikiria wale watunzi wa masomo wa miaka ya 1980, waliojua darasa la watoto wa miaka saba linahitaji kimya cha sekunde ngapi ili lijibu. Ujuzi huo ulizaliwa Nairobi, na kwa muda mrefu watu wa nje ndio waliouendeleza. Shule au wizara inayotangulia inapaswa kuwatunza watu wake baada ya wafadhili kuondoka, kuwaandikia vyeo, kuwapa wanafunzi wa kazi hiyo. Mitambo ya redio ilibaki. Waliojua kuitumia hivyo walitawanyika.

Tanzania nayo imefanya jambo ambalo ningependa lifuatiliwe kwa karibu. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani kuhesabu watu vilikabidhiwa kwa walimu. Hakukuwa na ahadi ya kila mtoto na chake. Kifaa kilikwenda kwa mwalimu, mahali ambapo Kisumu na Estonia zote zingesema kipelekwe kabla ya kufika mikononi mwa mtoto. Mwalimu anaweza kuhifadhi humo mtaala, vitabu vya kiada na maandalio ya somo.

Kinachosubiriwa ni yule afisa wa Tusome, au mwenzake wa Kitanzania. Afisa elimu kata anayo majukumu mengi, na anayafahamu mazingira ya kila shule katika kata yake. Akiingia darasani, akaketi dawati la nyuma, akamwona mwalimu akifundisha kwa kutumia kile kishikwambi, kisha wakazungumza nusu saa juu ya kilichofanikiwa na kilichokwama, mwalimu huyo atakuwa ameanza kuihesabu miaka yake ya mazoea. Mwalimu mkuu hahitaji kungoja waraka ili kuianzisha kazi hiyo. Anaweza kutenga mchana mmoja wa kila wiki mbili, walimu wawili wakaonyesha wenzao walichojaribu, pamoja na kilichowashinda. Anaweza kuanza na mahudhurio, kama eKool. Darasa moja, muhula mmoja, daftari la karatasi likiwa bado pembeni.